Mama Ustawi Aliyemchukua Bibiana

Tulimwita Mama Ustawi, kwa jina la ofisi aliyoifanyia kazi, nami nitamwita hivyo mpaka mwisho. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua baadaye, lakini silitaji, kwa sababu alichotutendea hakukitenda kwa jina hilo. Alikitenda kwa jina la Ustawi wa Jamii, na ni kwa jina hilo tulimtaka atujibu. Wewe mjukuu unayeandika, andika kama ninavyosema. Usiweke huruma mahali ambapo mimi sikuiweka.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mtu wa ziwani. Baridi ya Mbinga ilimtesa sana. Ilipofika mwezi wa sita alivaa sweta juu ya sweta, na bado mikono yake aliificha kwapani wakati wa kuzungumza, hata watu wakadhani ana kiburi. Alipanda milima yetu kwa raba za turubai, na viatu vyake vya ofisini alivibeba ndani ya mfuko wa nailoni. Akikaribia nyumba aliyokusudia, aliketi juu ya jiwe, akafuta miguu kwa majani, akavaa vile viatu vya ofisini, ndipo akabisha hodi. Akiondoka, alirudi kwenye jiwe lile na kuvibadili tena. Wanawake wa kwetu walicheka na kusema kwamba Serikali imefika, inavaa viatu. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Alinijibu kwamba mtu anayekuja kuuliza habari za mtoto asije na matope miguuni, maana wenye nyumba wataanza kumhurumia yeye, na maswali yatasahauliwa.

Alipenda utani, ingawa uso wake haukuonyesha. Alipoyaona mashimo yetu ya ngolo, tunayoyachimba mlima mzima ili mvua isichukue udongo, alisema mbele ya wanawake waliokuwa wakilima, "Ninyi Wamatengo mnachimba makaburi mlima mzima, kisha mnapanda maharage pembeni ili wafu wasijue." Jirani yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jibu, alimwambia bila kuinua jembe, "Afadhali sisi, Mama. Shamba letu ukilipa kisogo, ukigeuka unalikuta palepale. Lenu linatikisika." Mama Ustawi alifikiri kidogo, akakubali kwamba lao linatikisika. Safari iliyofuata alimletea jirani yule usipa, dagaa wakavu wa ziwani, katika kikapu kidogo, akasema ni mavuno ya shamba linalotikisika.

Miaka ile ndiyo miaka ambayo chama chetu cha ushirika kilianza kudhoofika, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaruhusiwa kuingia. Malori ya watu tusiowajua yalipanda mpaka vijijini, kila moja na mzani wake na maneno yake. Hospitalini tuliambiwa tuchangie. Ofisi za Serikali zilibaki na meza, lakini magari yake yalipandishwa juu ya mawe, magurudumu yakaondolewa. Mama Ustawi akawa mtu wa kuomba lifti. Alipanda na mapadri, alipanda na wauza chumvi, na wakati wa msimu alipanda na wanunuzi wa kahawa, akikaa juu ya magunia na mfuko wake wa viatu mapajani. Litembo, Litumbandyosi, kote alifika kwa namna hiyo. Alirudi kwa saa ya mwenye gari. Hilo lishike, kwa sababu linahusika.

Kwa wanaume alikuwa mgumu. Alikuwapo baba mmoja wa kijiji cha jirani aliyemwacha mke na watoto, akahamia kwa mwanamke mwingine karibu na mnada. Mama Ustawi hakumwita ofisini. Alimfuata mahali pa kupimia kahawa, siku ambayo kila mtu alikuwapo, akasimama karibu naye mpaka zamu yake ilipofika. Kisha akamwuliza kwa sauti ya kawaida kama amekula. Yule baba alisema amekula. Akamwuliza, "Na wanao?"  Alibaki amesimama pale, mikono kwapani, akimtazama kama mtu anayengoja mvua ipite. Watu wote waliacha mizani wakawatazama. Baba yule alirudi kwake juma lile lile, na hakuna aliyemwona tena karibu na mnada bila mtoto mkononi.

Na watoto alijua kukaa nao. Watu wazima alizungumza nao akiwa juu ya kiti au amesimama, lakini mtoto alimfuata chini, akaketi vumbini na sketi yake ya ofisini, akamwuliza mambo ya kuku na ya mbuzi kabla ya kumwuliza ya nyumbani. Aliwafundisha mama zetu kutia karanga zilizopondwa katika uji wa mtoto aliyedhoofu. Aliyempiga mtoto mpaka kumwacha na alama alimkemea bila kujali cheo, akisema mtoto si mbuzi wa mtu. Lakini nyumbani kwake mjini Mbinga alilea wasichana wawili, watoto wa kaka yake marehemu, na hao niliwaona kwa macho yangu wakitembea kwa ncha za vidole. Mmoja aliniletea chai, akakiweka kikombe mshikio ukielekea upande usiofaa. Mama Ustawi alimtazama tu, na msichana akakigeuza kikombe upesi. Baadaye, alipodhani siangalii, alimwita msichana yule, akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa, akamshika shavu.  Nilijifunza kwamba moyo anao, ila hakutaka mtu amkute nao.

Alikuwa na amri mbili alizojiwekea. Ya kwanza, hakula katika nyumba aliyoiendea kwa kazi. Alisema kwamba akila ugali wa mtu leo, kesho ataona haya kumwuliza. Ya pili, hakurudia swali. "Mimi siulizi mara mbili," alikuwa akisema. Aliamini kwamba jibu la kwanza ndilo la kweli, na la pili mtu ameshalitengeneza. Wengi walimsifu kwa amri hizo, na kwa kazi ya kukamata wanaume watoro zilimfaa. Kwetu sisi ndizo zilizomtoa mtoto nyumbani.

Mwanangu wa tatu alifariki kwa ugonjwa ambao wakati ule haukutajwa. Mkewe alimfuata mwaka uliofuata, akiwa wodini, na mtoto wao pekee, Bibiana, akiwa naye kitandani. Bibiana alikuwa bado hajajua kutembea vizuri. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi na miguu imevimba, kwa sababu mama yake alikuwa hana maziwa wala nguvu ya kumlisha, na hakutaka sisi tumwone katika hali ile. Tulimzika mkwe wangu, tukaweka matanga. Wauguzi, kwa haki yao, walikuwa wamepeleka habari Ustawi kwamba yuko yatima aliyedhoofu.

Lazima nieleze desturi, kwa maana vijana wa leo hawaijui. Kwetu, mtoto aliyefiwa hapewi mtu mpaka matanga yaondolewe. Siku ya kuondoa matanga ukoo unakaa sengu, yaani kikao cha nyumba nzima, ambapo wanaume hula pamoja na kuamua mambo, na wanawake huketi mlangoni na kusikiliza, na wakiulizwa hujibu. Hapo ndipo mkubwa wa ukoo hutamka nani atamlea mtoto. Kabla ya hapo hakuna anayesema "nitamchukua mimi." Anayewahi kusema hivyo watu wanamjua kuwa ameitazama mikahawa ya marehemu. Mwanangu aliacha mikahawa mizuri, na miaka ile ya malori kila mti ulikuwa na macho juu yake. Kwa hiyo kila mmoja wetu, na hasa aliyempenda mtoto zaidi, alijifunga mdomo. Kunyamaza kulikuwa ndiyo heshima ya mtoto. Mwenyewe nilikuwa nimeshamwandalia kitanda karibu na changu, na nilinyamaza kama nilivyopaswa.

Mama Ustawi alifika tukiwa bado katika matanga. Alibadili viatu kwenye jiwe, akaingia uani. Tulikuwa wengi, tumekaa chini. Bibiana alikuwa mgongoni kwangu. Alimtazama mtoto miguu na nywele, uso wake ukakaza, na ninaamini kwamba tangu hapo alikwisha kutuhesabu kuwa watu wanaoacha mtoto afe. Alisimama katikati akauliza, "Nani kati yenu atamchukua mtoto huyu?"

Hakuna aliyejibu. Tulitazama chini. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alisafisha koo, akamwambia, "Karibu uji, Mama." Kila mtu wa kwetu angelielewa. Ilikuwa namna ya kumwambia kwamba aketi, neno linakuja, lakini halijafika. Mama Ustawi alishukuru, akasema yeye hali akiwa kazini.

Chini barabarani lori la kahawa lilipiga honi. Lilikuwa gari lililomleta. Alitutazama tena mmoja mmoja, na hakuna aliyeinua macho. Honi ililia mara ya pili. Akaja kwangu, akaniambia kwa upole nimfungue mtoto, kwamba Serikali itamtunza kwa muda. Nilimtazama shemeji. Yeye pia hakuwa na ruhusa ya kusema. Nilifungua kitenge.

Aliandika alichoandika. Baadaye tulisomewa kwamba ndugu waliulizwa mbele ya mashahidi na hakuna aliyejitokeza.

Matanga yalipoondolewa, shemeji alitamka mbele ya ukoo kwamba Bibiana ni wangu kumlea, na mikahawa ya baba yake itatunzwa na sengu yote mpaka akue. Yalikuwa maneno kamili, na mtoto hakuwapo wa kuyasikia.

Tulikwenda ofisini Mbinga, mimi na shemeji. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka jua likahama. Mama Ustawi alitupokea kwa heshima, akatusikiliza, kisha akasema mtoto yuko kwa mlezi aliyekubaliwa, mjane mmoja Mwanglikana kule ziwani, mwanamke safi, mwenye samaki na maziwa, na kwamba kumwondoa kunahitaji kibali cha ofisi ya mkoa, Songea. Shemeji akamwuliza, kumpeleka huko kulihitaji kibali cha nani.  Mama Ustawi alisema mtoto alikuwa katika hatari. Nikamwambia kwamba hatari ilikuwa wodini, na aliikuta imekwisha. Alitazama mikono yangu, akasema atafuatilia.

Alifuatilia kweli, sitamnyima hilo. Lakini Songea ilijibu kwamba afisa aliyehusika amehamishwa, kisha ikajibu kwamba jalada halionekani, kisha haikujibu. Tulirudi kwenye benchi lile kila msimu baada ya kuvuna. Tulizoeana na mhudumu, akawa anatupa maji. Mimi nilizoea kurudi bila mtoto. Mtu huzoea, na hilo ndilo baya lake. Nilipanda, nikapalilia, nikaenda misa, nikapika, na kitanda kidogo nilikiwekea nguo za kufua. Watu waliniuliza nikajibu. Sikulia, kwa sababu sikujua nalia kwa ajili ya nini, mtoto hakufa.

Mwaka mmoja shemeji alichoka na benchi. Alimwambia Mama Ustawi, bila ukali wowote, "Sisi tumekuja kwako mara nyingi, Mama. Sasa wewe njoo kwetu, utujibu pale ulipotuuliza." Mkubwa wake kazini angeweza kumkataza. Yeye alisema atakuja.

Alikuja kwa miguu, kutoka barabara kuu, bila lifti ya mtu. Aliketi juu ya jiwe kubadili viatu, na safari hii hakuna mwanamke aliyecheka. Sengu ilikuwa imekaa. Katika nyumba nyingi mambo ya sengu yalikuwa yamekwisha kufa, lakini kwetu shemeji aliyashika. Hakuwahi kuingia mwanamke na kuulizwa kama mwanamume. Walimwekea kigoda, na mimi niliketi mlangoni na wanawake wenzangu.

Shemeji akaanza. "Mama, siku ile uliuliza nini?"

"Niliuliza nani atamchukua mtoto."

"Ulijibiwaje?"

"Sikujibiwa."

"Uliuliza kwa nini hujibiwi?"

Alisema hapana. Alisema ofisi ilidhani wameshindwa kumlea.

Mzee mmoja wa upande wa pili, mtu mcheshi, akamwuliza ofisi ni nani. Mama Ustawi akasema ofisi ni yeye, na meza, na kiti. "Basi meza na kiti tumevisamehe," yule mzee akasema. Walicheka kidogo. Hata yeye kona za mdomo zililegea. Kisha kicheko kikaisha, na wote wakamngoja.

Shemeji akamwuliza kwa nini hakungoja.  Angeweza kusema sheria, na angeweza kusema afya ya mtoto, na tungekosa la kumrudishia, kwa maana hatukusoma. Alisema, "Gari lilikuwa la watu. Lilikuwa linapiga honi."

 Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kusikia sababu kubwa. Nilipoisikia ile, kitu ndani yangu kilikaa chini, na mpaka leo hakijasimama tena.

"Nilikosea," akasema Mama Ustawi. Hakutafuta mtu wa kumsaidia kulibeba neno lile. Shemeji alimshukuru. Akaagiza chakula kiletwe, nami nilikileta mwenyewe, ugali na maharage. Aliyejibu mbele ya sengu hula na sengu. Mama Ustawi alitazama bakuli, akanawa mikono, akala. Alikula polepole, akamaliza, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa mtu mwenye njaa.

Baada ya siku ile alibadilika nasi. Alikwenda Songea mwenyewe na kurudi na kibali, sijui kwa njia gani. Alinichukua tukashuka pamoja kuelekea ziwani, kupitia Tingi, katika gari la matenga ya kuku. Nilitapika njia nzima kwa kona za mlima. Alinishika kichwa na kunifuta mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe.

Nyumba ya mlezi ilikuwa karibu na maji, imefagiliwa, usipa wameanikwa juu ya vichanja. Mlezi alitoka akapiga magoti kunisalimu kama mtu wa ukoo. Alikuwa mdogo kwangu, mnene, mwenye kicheko, na siku ile hakucheka. Akaita, "Rehema!" Akaja msichana mwenye afya, miguu iliyonyooka, nywele nyeusi tititi. Alikuwa amepewa jina jingine, na hakuna aliyetuuliza juu ya jina. Nilimwita, "Bibiana." Alitazama nyuma yake kuona nani anaitwa.

Mama Ustawi alikaa chini mchangani, akamweleza taratibu kwa Kinyasa, lugha nisiyoijua vizuri, kwamba huyu ndiye bibi, mama wa baba yake. Mtoto akaja, akasema, "Shikamoo, Bibi," akarudi akashika kanga ya mlezi. Mlezi alimsukuma kidogo kuja kwangu. Mtoto alisogea, maana alikuwa na adabu, lakini mkono wake mmoja aliuacha kwenye kanga ile. Kibali kilikuwa mkononi mwa Mama Ustawi. Aliniuliza tufanye nini. Aliniuliza, na nilipokawia, aliniuliza tena. Nilimwambia mtoto aje kwangu likizo kwanza, ajifunze njia.

Alikuja likizo, na baadaye alihamia kwetu akiwa darasa la tatu. Sitasema alikuwa mtoto mbaya. Alilima, alisali, aliitika kwa Bibiana. Shuleni aliandikwa jina hilo. Lakini chakula alikula kama mgeni, akisubiri aambiwe achukue kipande cha pili, na jioni alikaa upande wa uani unaotazama mteremko wa kwenda ziwani, ingawa ziwa halionekani kutoka kwetu. Nilimtendea kama nilivyowatendea wanangu, labda kwa ukali ule ule. Hakuniogopa, hakunipenda. Alipomaliza darasa la saba, mlezi aliugua miguu, na Bibiana akaniomba ruhusa akamtunze. Hakusema anarudi nyumbani. Alisema anakwenda kumtunza Mama. Nilimpa ruhusa. Mikahawa ya baba yake iko palepale, imetunzwa, na nilimwambia ni yake. Alishukuru.

Mama Ustawi alistaafu, wasichana wake wawili wakaolewa mbali, naye akarudi kwao ziwani. Miaka ikapita. Wilaya ikagawanywa, upande wa ziwa ukawa na wilaya yake, na bodaboda zikaanza kufika mahali ambapo malori hayakufika. Nikasikia Bibiana amejifungua mtoto wa kwanza, binti. Nilishuka kumwona.

Nilimkuta mlezi amekaa kitini, miguu imenyooshwa, mzee kuliko mimi kwa sura ingawa si kwa miaka. Bibiana alikuwa kwenye mkeka, mtoto akinyonya. Alinisalimia vizuri, akaniletea maji ya kunawa bila kumweka mtoto chini. Hatujakaa sana, hodi ikasikika, akaingia Mama Ustawi. Alikuwa amepinda, ana fimbo, na miguuni alivaa kandambili. Alinitambua kabla sijamsalimu. Akakaa karibu nami, bega kwa bega, kwa sababu mkeka ulikuwa mdogo.

Tulizungumza habari za kahawa, za samaki kupungua, za waliokufa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba tangu siku ile ya sengu hakumtoa tena mtoto yeyote katika nyumba yenye matanga. Alisema alilala huko, alikula walichompa, akangoja mpaka wamalize, hata wakubwa wake walipomwandikia barua za onyo. Alisema walikuwapo watoto wengi waliobaki kwao kwa sababu hiyo, na baadhi yao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao. Alikuwa akiniambia kama mtu anayeleta kitu alichokibeba kwa mwendo mrefu. Nikamwambia ni vema. Ilikuwa vema, na sikusikia kitu moyoni. Nadhani aliliona hilo, kwa sababu hakuendelea.

Mtoto aliachia ziwa la mama yake na kupiga chafya. Sisi wazee watatu tukacheka pamoja, na, bila kukubaliana, tukanyoosha mikono. Mlezi alinyoosha kutoka kitini, maana yeye ndiye aliyemlea mama yake. Mimi nilinyoosha, maana ni damu yangu. Mama Ustawi alinyoosha pia, labda kwa mazoea ya kazi, kwa maana watoto wengi walipita mikononi mwake.

Bibiana alitutazama kwa zamu, bila hasira yoyote. Alimfunika mtoto kichwa kwa kanga, akamsogeza kifuani.

"Samahanini, mama zangu," akasema. "Huyu hamtashika. Nitamshika mwenyewe."

Mlezi alianza kusema kwamba si mila, kwamba bibi hapokonywi mjukuu. Mama Ustawi alimgusa goti kwa fimbo yake, naye mlezi akaacha. Mimi nilikunja mikono yangu ndani ya kitenge. Hakuna aliyemwuliza sababu, kwa kuwa kila mmoja wetu aliijua. Tulikaa hivyo mpaka mtoto akalala, na alipolala, Bibiana hakumlaza.